Kifua cha mpanda farasi: historia ya jile iliyochelewa kufika

Tarehe 29 Juni 1850, Robert Peel alikuwa juu ya farasi wake kwenye barabara ya Constitution Hill, London. Huyu hakuwa mtu mdogo: alikuwa Waziri Mkuu wa Uingereza mara mbili, na njo yeye aliyeanzisha polisi ya London mwaka 1829. Farasi akamwangusha, kisha farasi mwenyewe akajikwaa na kumwangukia. Siku tatu baadaye, tarehe 2 Julai, Peel akafariki. Uzito wa mnyama ulikuwa umeshuka juu ya mabega na mbavu zake.

Wandugu, naanza na Peel kwa sababu wengi wetu tukisikia hatari ya kuanguka, tunafikiria kichwa. Hata wenye mchezo wenyewe walifikiria hivyo. Kapteni Bennet, aliyeshinda Grand National ya mwaka 1923 akiwa juu ya farasi Sergeant Murphy, alianguka kule Wolverhampton mwezi wa Desemba mwaka uleule. Farasi alimpiga teke la kichwa, na mwezi wa Januari 1924 akafa. Kifo chake kiliwatikisa wakubwa wa mbio, na kofia ngumu ikawa lazima kwa wapanda farasi wa mbio za kuruka vizuizi. Hapo kichwa kilipata sheria yake. Lakini kifua? Kifua kilingoja hadi miaka ya 1980, pale wapanda farasi wa mbio walipoanza kuvaa kinga ya mgongo chini ya zile nguo zao za rangi.

Juu ya nini miaka karibu sitini yote hiyo? Sehemu ya jibu ni vifaa tu. Zamani, kulinda mwili mzima kulimaanisha chuma, na hakuna farasi wa mbio atakayeshinda akiwa amebeba mtu wa chuma. Ilibidi kungoja sponji ngumu za viwandani, nyepesi, zenye uwezo wa kupokea pigo na kulitawanya. Lakini sehemu ingine, na kwangu njo kubwa zaidi, ni haya. Mwanaume aliyevaa kinga alionekana mwoga. Ili mwone vizuri nataka kusema nini, twende Marekani, kwa mchezo ambao ni ndugu wa huu: kupanda ng'ombe dume.

Kwa mchezo ule unashika kamba kwa mkono mmoja, ng'ombe dume anaruka na kuzunguka, na unapaswa kubaki juu sekunde 8. Nguo zilikuwa paka shati, suruali ya jean na kofia ya cowboy. Lane Frost alikuwa bingwa wa dunia wa mwaka 1987. Tarehe 30 Julai 1989, kule Cheyenne, jimbo la Wyoming, alimaliza sekunde zake 8 vizuri kabisa juu ya ng'ombe aliyeitwa Takin' Care of Business. Akashuka ndani ya matope. Ng'ombe akageuka, akamgonga kwa pembe na kumvunja mbavu. Frost akasimama, akapunga mkono kuita msaada, kisha akaanguka. Majeraha yalikuwa ya ndani, na alikufa akiwa na miaka 25. Kwa umri, wengi wetu tunaosoma hapa tuko palepale.

Rafiki yake Cody Lambert, naye mpanda ng'ombe, hakuacha jambo lile lipite. Alikuwa ameona vile wapanda farasi wa mbio walivyokuwa wakivaa kinga, akajiuliza kwa nini sisi hapana. Akatengeneza jile yake kwa ajili ya pembe na kwato, na mwaka 1993 akaanza kuivaa mbele ya watu. Tukumbuke mwaka mmoja kabla, 1992, yeye na wenzake walikuwa wameanzisha chama chao cha wapanda ng'ombe, PBR. Basi jile haikutoka kwa ofisi ya serikali wala kwa mtu wa nje mwenye kufundisha. Ilitoka kwa mtu ambaye hakuna aliyeweza kumwita mwoga. Nafikiri njo maana ilishika. Ndani ya miaka michache ilikuwa lazima, na leo kijana anayepanda bila jile njo anaonekana wa ajabu.

Sasa turudi kwa farasi, mahali historia inakuwa ngumu kidogo.

Kuna mchezo wa farasi wenye majaribio matatu, ule Wafaransa wanaita concours complet. Uliingia Olimpiki mwaka 1912 kule Stockholm, ukiwa mchezo wa maofisa wa jeshi. Jaribio lake la kuogopesha ni lile la mbugani: farasi anakimbia kwa kasi na kuruka magogo, mitaro na kuta ambazo, tofauti na miti ya uwanjani, hazianguki zikiguswa. Tarehe 27 Mei 1995, kule Culpeper, Virginia, mshindani mmoja alifika kwenye kizuizi cha tatu na farasi wake akasimama ghafula. Yeye akaenda mbele, kichwa chini. Alikuwa Christopher Reeve, yule wa filamu za Superman. Kofia ngumu alikuwa nayo. Jile ya kinga alikuwa nayo pia. Lakini shingo ilivunjika juu kabisa, karibu na fuvu, na alibaki amepooza hadi alipofariki mwaka 2004. Jile ililinda kile ilichotengenezwa kulinda, na shingo haikuwa ndani ya orodha.

Kisha ukaja mwaka 1999. Kwa msimu mmoja tu, wapanda farasi watano wa mchezo huu walikufa Uingereza. Wote walikuwa watu wa jile na kofia, kwa sababu sheria ilikuwa tayari ipo. Uchunguzi ukafanywa, na mwaka 2000 ripoti ikatoka chini ya uenyekiti wa Lord Hartington. Mimi naiona kama ukurasa muhimu kuliko yote ya historia hii, kwa sababu iligeuza swali. Badala ya kuuliza mtu avae nini, iliuliza farasi azuiwe namna gani asianguke. Kinachoua zaidi ni pale miguu ya mbele ya farasi inapogonga kizuizi, mwili mzima unapinduka hewani, mpandaji anafika chini kwanza, kisha kilo 500 zinamfuata. Hakuna sponji ya sentimita chache inayoweza kubishana na kilo 500. Hivyo mwanzoni mwa miaka ya 2000 walianza kufunga magogo kwa pini maalumu zinazovunjika farasi akigonga kwa nguvu, gogo linashuka, na farasi anapata nafasi ya kujiokoa.

Lakini binadamu hachoki kutafuta nguo bora, na hapa njo hewa inapoingia. Wazo lenyewe halikutoka kwa farasi, lilitoka kwa moto! Mhungaria Tamás Straub aliliandikisha mwaka 1976 kwa ajili ya wapanda pikipiki. Miaka ya 1990 Mjapani Kenji Takeuchi, wa kampuni ya Mugen Denko, akalifikisha sokoni kwa jina Hit-Air. Mimi niliposoma hilo nilicheka kidogo, nikifikiria ile jile ya wamotari wetu: kitambaa chenye rangi na namba mgongoni. Ile inasaidia kumtambua motari tu, ukianguka haifanyi kitu.

Namna inavyofanya kazi ni rahisi kuliko unavyodhani. Ndani ya jile kuna mifuko mitupu na kichupa cha chuma chenye gesi ya kaboni dioksidi. Kamba inaunganisha jile na tandiko la farasi. Ukitupwa, kamba inavutika na kung'oa kizuizi, sindano inatoboa kichupa, na kwa karibu sehemu moja ya kumi ya sekunde mifuko inajaa kuzunguka kifua, mgongo, na kwa aina nyingi hadi chini ya shingo. Baadaye hewa inatoka polepole, unaweka kichupa kipya, jile iko tayari tena. Hakuna betri. Shida ya kila siku ni moja: mpandaji anashuka akiwa amesahau kufungua kamba, jile inalia paa! na watu wote wanageuka kumtazama.

Jile hii ilipata jina mwezi wa Aprili 2010, kule Kentucky. Mwingereza Oliver Townend alikuwa ameshinda Badminton na Burghley mwaka 2009, na Kentucky ilikuwa shindano la tatu alilohitaji ili apate zawadi kubwa ya mchezo. Ile siku farasi wake Ode to Joy akaanguka naye. Townend alivunjika mfupa wa bega, mfupa wa kifua na mbavu. Lakini alitoka hospitali akiwa hai na anatembea, na akasema wazi kwamba jile ya hewa njo ilimsaidia. Baada ya hapo mauzo hayakuhitaji matangazo mengi.

Mimi ningependa kumaliza hapo, hadithi ingekuwa tamu. Lakini tumefundishwa kusoma takwimu hata zikituudhi. Mwaka 2019 kikundi cha watafiti kilichapisha uchambuzi wa maanguko 1,819 ya mashindano ya kimataifa ya miaka 2015 hadi 2017. Walikuta kwamba waliovaa jile ya hewa walikuwa na hatari ya kuumia vibaya au kufa karibu mara 1.7 kuliko waliovaa kinga ya kawaida peke yake.

Msikimbilie kusema jile inaua. Mwenye kuandika memwari anajua kwamba vitu viwili kwenda pamoja si sawa na kimoja kuzaa kingine. Inawezekana wanaonunua jile ya hewa ni walewale wanaoshindana kwenye ngazi za juu, zenye vizuizi vikubwa. Inawezekana mtu akijisikia salama anajaribu zaidi. Inawezekana pia kuna kitu ndani ya kifaa chenyewe. Kwa farasi anayepinduka, kwa mfano, mpandaji anaweza kufika chini na kulaliwa karibu wakati uleule, na kamba haivutiki hadi atengane na tandiko. Ndiyo maana kwa mchezo huu sheria inadai jile ya hewa ivaliwe juu ya ile ya sponji, si mahali pake.

Na kwa wale wa Lambert, tarehe 15 Januari 2019, kule Denver, ng'ombe dume alimkanyaga Mason Lowe kifuani baada ya kumwangusha. Jile alikuwa ameivaa. Alikuwa na miaka 25, sawa na Frost.