Moyo Ulioachwa Mtini: Kisa cha Punda wa Dobi na Darasa la Watoto Wadogo

Makala haya yanahusu kisa kimoja tu, nacho ni kile cha kima na papa, ambacho katika mapokeo ya Unguja hujulikana kwa jina la Punda wa Dobi. Ni kisa ambacho kila mwalimu wa madarasa ya chini anakijua, au anadhani kwamba anakijua. Nia yetu ni kueleza jinsi kilivyofika darasani kikiwa kimekatwa nusu, na kuonyesha kwamba nusu iliyokatwa ndiyo iliyofaa zaidi kufundishwa.

Kwa Kiswahili kisa hiki kilipigwa chapa katika kitabu cha Edward Steere kiitwacho Swahili Tales, kilichotolewa London mwaka 1870. Steere, mmisionari aliyefika Unguja mwaka 1864 na kuwa askofu miaka kumi baadaye, aliziandika hadithi hizo kama alivyozisikia kutoka kwa wasimulizi wa mjini, kisha akaziweka sambamba na tafsiri ya Kiingereza. Kima anafanya urafiki na papa. Papa anamchukua mgongoni kumpeleka kwao, na walipofika katikati ya bahari anamfunulia siri: sultani wao ni mgonjwa, na dawa yake ni moyo wa kima. Kima anajibu kwamba kima hawatembei na mioyo yao, bali huiacha mtini. Wanarudi pwani, kima anapanda juu, na papa anabaki chini akiita.

Hapo ndipo vitabu vingi vya watoto vinapofunga hadithi. Katika mapokeo ya Unguja, hapo ndipo hadithi inapoanza. Kima anamjibu papa kwa swali: je, unanifanya mimi punda wa dobi? Papa hajui punda huyo ni nani, basi kima anamsimulia. Punda wa dobi aliingia mwituni. Sungura akamrairai na kumpeleka mbele ya simba. Punda akajeruhiwa, akaponea chupuchupu. Sungura akamwendea tena, na punda akarudi tena, akauawa. Simba akataka aletewe moyo na masikio. Sungura alikuwa amekwisha kuvila. Alipoulizwa, alisema punda yule hakuwa na moyo wala masikio, kwa maana angekuwa navyo asingalirudi mara ya pili.

Wataalamu wamekwisha kuonyesha kwamba kisa hiki ni msafiri mkongwe. Kimo katika Panchatantra ya Bara Hindi, na humo punda ni wa dobi vilevile. Kitabu hicho kilitafsiriwa kwa Kipahlavi katika karne ya 6 na tabibu Burzoy, na kwa Kiarabu katika karne ya 8 na Ibn al-Muqaffa', kikaitwa Kalila wa Dimna. Huko Uarabuni rafiki wa kima ni kobe wa majini, wala si papa. Katika matoleo hayo ya kale anayedai moyo ni mke wa rafiki, aliyeingiwa na wivu. Pwani yetu imemwondoa mke, ikamweka sultani. Na mahali pa mbweha imemketisha sungura, ambaye hakuhitaji kufundishwa kazi hiyo na mtu. Neno dobi lenyewe tumelipata kutoka Kihindi. Wako watakaotaka kulifanya ushahidi kwamba kisa kilitufikia moja kwa moja kutoka Bara Hindi bila ya kupitia Kiarabu. Mimi naona ushahidi huo ni mwembamba, kwani dobi lilikuwa neno la kila siku mjini Unguja, na msimulizi angelitumia hata kama kisa alikisikia kwa Mwarabu.

Upo mkondo mwingine, nao ndio uliotuletea hasara. Katika Jataka, yaani hadithi za Kibuddha, kima anamdanganya mamba kwa hila ileile, lakini hakuna punda. Mkondo huo ndio ulioingia katika vitabu vya watoto vya Marekani: Ellen C. Babbitt aliutumia mwaka 1912, na Paul Galdone akautolea kitabu cha picha mwaka 1969. La kustaajabisha ni kwamba George W. Bateman alikuwa amekwisha kutoa Zanzibar Tales huko Chicago mwaka 1901, na humo punda yumo, hata katika kichwa cha hadithi. Nilipokuwa masomoni ng'ambo niliwaona watoto wa miaka sita wakivaa barakoa za karatasi za kima na mamba, wakavuka mto wa chaki sakafuni, wakacheka, na kazi ikaisha. Ulikuwa mchezo mzuri. Lakini hawakuachiwa swali lolote la kwenda nalo nyumbani.

Hapa kwetu tatizo lina sura nyingine. Tangu mfumo wa 8-4-4 ulipoanza mwaka 1985 na Kiswahili kikawa somo la kutahiniwa katika KCPE, hadithi ya wanyama iligeuka kuwa kifungu cha ufahamu. Mtihani ule umekwisha, wa mwisho ukiwa ule wa mwaka 2023, na mtaala wa umilisi unasisitiza kusikiliza na kuzungumza. Mazoea, hata hivyo, hayafutwi kwa waraka. Bado mtoto anaulizwa: nani alikuwa mjanja? Anajibu: kima. Nani alikuwa mjinga? Papa. Jaza pengo. Zoezi la namna hiyo linapima kama mtoto alikuwa macho, basi.

Kisa kizima kinadai kazi nyingine. Kwanza ni neno moyo. Mtoto wa Kiswahili analijua katika kutia moyo, kuvunjika moyo, kuweka moyoni. Hajafikiri kwamba ni nyama inayoweza kuliwa. Kima anaishi kwa sababu papa amechukua maana moja tu ya neno hilo, na punda anakufa kwa sababu alikosa maana ya pili. Mwalimu asilieleze jambo hili. Awaulize watoto punda alikuwa na moyo au hakuwa nao, awaache wabishane. Wapo watakaosema alikuwa nao, sungura ameula. Wapo watakaosema hakuwa nao, ndiyo maana akarudi. Pande zote mbili zimesema kweli, na hilo ni somo la semantiki ambalo sisi huwapa wanafunzi wa shahada kwa maneno magumu zaidi.

Pili ni usimulizi wenyewe. Kima juu ya mti ni fanani, na papa majini ni hadhira. Mtoto mmoja apande juu ya kiti awe kima, darasa zima liwe papa, na kisa cha punda kisimuliwe na mtoto, si na mwalimu. Kianze kwa paukwa, na darasa liitikie pakawa. Kwa njia hii mtoto anagundua kwa mwili wake kwamba hadithi inaweza kuwa jibu, tena jibu kali kuliko tusi. Wazee wetu walilijua hilo.

Lipo jambo la tatu, ambalo walimu hulikwepa. Sungura alikula, akasema uongo, wala hakuadhibiwa. Watoto hulitambua upesi, na mara nyingi huuliza. Nimeona vitabu vikimpa sungura adhabu ya kubandika mwishoni ili maadili yakae sawa. Afadhali swali libaki wazi, kwa kuwa kisa hakikutungwa ili kumhukumu sungura. Kimesimuliwa na kima kwa papa, ili papa ajue kwamba amejulikana.

Vipindi vya madarasa ya chini ni vya dakika 30, na kisa hiki hakitoshi katika kimoja. Basi kipindi cha kwanza kikomee pale papa anapoita chini ya mti na kima hajibu. Punda angoje kesho.