Jina la Anuarite

Wazazi Wakatoliki wengi wa Kongo huwapa binti zao jina la Anuarite. Je, lilitoka wapi, nalo lina maana gani?

Lilitoka kwa Wabudu wa Wamba, upande wa kaskazini-mashariki. Huko alizaliwa mtoto tarehe 29 Desemba 1939, akaitwa Nengapeta, maana yake: mali hudanganya. Anuarite lilikuwa jina la dada yake. Lakini siku ya kuandikwa shuleni majina yalichanganyika, mdogo akaandikwa Anuarite, nalo likamshika. Maana yake: nacheka vita.

Akawa mtawa wa Jamaa Takatifu huko Bafwabaka, akaitwa Sista Marie-Clémentine. Wakati wa maasi ya Simba, usiku wa 1 Desemba 1964, kanali mmoja wa waasi alitaka kumtwaa kwa nguvu mjini Isiro. Akakataa, akauawa, na kabla ya kufa alimsamehe. Tarehe 15 Agosti 1985 Papa Yohane Paulo II alimtangaza Mwenye Heri mjini Kinshasa.

Basi, jina alilolipata kwa kosa la kalamu alilistahili kwa damu yake.

Sisi wa Bunagana twajua vita. Mwaka 2012, na tena mwezi wa Juni 2022, waasi wa M23 waliutwaa mji wetu, watu wakakimbilia Uganda. Kucheka vita si kuwacheka wanaolia. Ni kuikataza chuki isiingie moyoni. Mzazi amwitaye binti yake Anuarite na amfundishe kusamehe, naye mwenyewe atangulie.