Simu, Presha na Mtu wa Upande wa Pili

Mgonjwa wa presha wa Buhinyuza, kule Muyinga, kaskazini mashariki mwa Burundi, ana kikwazo ambacho mwenye malaria hana: haumwi. Malaria humlaza mtu, jirani wakambeba hadi kituo cha afya. Presha hupanda kimyakimya miaka nenda miaka rudi, moyo ukichoka na figo zikiharibika, mwenyewe bado yuko shambani na jembe lake. Kumshawishi mtu wa namna hiyo apande na kushuka milima kutafuta daktari ni kazi, na watu wengi sasa wanaikabidhi simu ya mkononi. Kazi hiyo ina historia yake Afrika Mashariki, na haikuanzia kwenye moyo. Ilianzia kwenye Ukimwi.

Mwaka 2007, M-Pesa, huduma ya kutuma pesa kwa simu, ikiwa bado changa, kliniki tatu za Kenya, mbili za Nairobi na moja ya Kajiado, zilianza kuandikisha wagonjwa waliokuwa wanaanza ARV, dawa za Ukimwi. Jaribio liliitwa WelTel. Wagonjwa 538 waligawanywa makundi mawili kwa bahati nasibu, na kundi moja likawa linatumiwa ujumbe kila wiki: "Mambo?" Basi. Hakuna neno Ukimwi, hakuna amri ya kumeza dawa, kwa hiyo hata simu ikishikwa na shemeji siri haitoki. Mgonjwa alitakiwa ajibu ndani ya saa 48, ama "sawa" ama "shida". Aliyesema shida, au aliyenyamaza, alipigiwa simu na mhudumu wa kliniki. Matokeo yalichapishwa katika jarida la Lancet mwaka 2010: waliomeza dawa ipasavyo walikuwa asilimia 62 kwa waliotumiwa ujumbe, na asilimia 50 kwa wasiotumiwa.

Wengi waliosikia habari hiyo waliona ujumbe, hawakumwona mhudumu aliyepiga simu. Kwa maoni yangu hapo ndipo mambo yalipoharibika, maana miradi mingi iliyofuata ilikuwa ya kutuma tu. Tena hata WelTel yenyewe ilipojaribiwa upya Kibera, kwa wagonjwa 700 wa mwaka wa kwanza wa huduma, haikuongeza idadi ya waliobaki kliniki.

Zanzibar nako, mwaka 2009 na 2010, wajawazito 2,550 wa vituo 24 waliingia katika utafiti. Wa upande mmoja walipata ujumbe pamoja na vocha ya kumpigia mkunga. Waliojifungua mikononi mwa mhudumu mwenye ujuzi walifikia asilimia 60, dhidi ya 47 upande wa pili. Lakini faida hiyo ilionekana mjini. Shamba, ambako njia ni ndefu na gari la usiku ni la kubahatisha, haikuonekana.

Presha ilipata zamu yake magharibi mwa Kenya, katika maeneo ya Kosirai na Turbo, chini ya AMPATH, mpango wa Eldoret uliokwishajenga jina kwa kutibu Ukimwi. Watu 1,460 waliokutwa na presha ya juu waligawanywa makundi matatu. Katika la kwanza, wahudumu wa afya ya jamii walikuwa na mafunzo ya kawaida. Katika la pili walifundishwa kuzungumza na kila mtu kulingana na kinachomzuia, wakiwa na karatasi. Katika la tatu hivyohivyo, wakiwa na simu janja. Majibu yalitoka mwaka 2019. Kati ya waliofuatiliwa, asilimia 49 tu ndio waliofika kliniki. Kundi la simu lilifanya vizuri, na la mafunzo ya kawaida pia. La karatasi ndilo lililobaki nyuma. Presha ilishuka zaidi kidogo kwa wenye simu, ila tofauti haikutosha kuthibitisha kwamba ni kazi ya simu.

Burundi nayo ina wahudumu wake wa afya ya jamii, abaremeshakiyago, wanaojulikana mlima kwa mlima. Tangu mwaka 2006 serikali imewaondolea ada za matibabu wanaojifungua na watoto wa chini ya miaka mitano. Mzee mwenye presha hayumo katika hesabu hiyo. Basi anayetaka kuwatengenezea programu watu wa Buhinyuza na aanze na hao abaremeshakiyago, aandike Kirundi, aulize kabla ya kuamuru, na ahakikishe kuna mtu na dawa upande wa pili mgonjwa anapojibu kuwa ana shida.