Chuma Kilichozikwa Ukutani

Kibenga ni mtaa wa zoni ya Kinindo, kusini mwa Bujumbura, karibu na Ziwa Tanganyika. Kwenye nyumba nyingi za huko, nondo zimechomoza juu ya dari hata kama chini watu wamehamia zamani. Zinangojea ghorofa, na ghorofa inangojea pesa. Chuma kingine chote cha nyumba hizo kimelala ndani ya nguzo na mikanda ya zege, na fundi wa lipu akishapita hakuna atakayekiona tena. Ukimuuliza mwenye nyumba ukuta wake umeshikwa na nini, atakujibu saruji. Jibu hilo ni nusu tu, na hiyo nusu nyingine ina historia ndefu iliyoanzia mbali sana na Burundi.

Wajenzi wa kale walijua kwamba mawe mawili kukaa karibu si kuungana. Wagiriki waliojenga hekalu la Parthenon huko Athens, kati ya mwaka 447 na 432 kabla ya Kristo, waliyafunga mawe ya marumaru kwa vyuma vidogo, kisha wakavimwagia risasi iliyoyeyushwa. Risasi ilijaza nafasi na kuzuia maji yasifike kwenye chuma. Mwanzoni mwa karne ya 20 mhandisi Nikolaos Balanos alilikarabati hekalu hilo kwa vyuma vya kiwandani bila kuvivika risasi. Vikashika kutu, kutu ikavimba, na marumaru iliyovumilia zaidi ya karne 20 ikaanza kupasuka. Kamati iliyoundwa mwaka 1975 ilianza kuving'oa na kuweka titani mahali pake. Kwa kifupi hapo ndipo ulipo mkasa wote wa chuma ukutani: kinashika vizuri mpaka maji yakifikie, na yakikifikia kinageuka kuwa kabari.

Uingereza ilikuja na swali jingine. Huko mvua husukumwa na upepo wa bahari ikapiga ukuta ubavuni kwa siku nyingi mfululizo, na tofali ni kinywaji kizuri cha maji. Ukuta mmoja hulowa nje, kisha unyevu ukatokea chumbani. Mwanzoni mwa karne ya 19 wajenzi walianza kusimamisha kuta mbili nyembamba zilizoachana kidogo, ya nje ilowe na ya ndani ibaki kavu. Msanifu Thomas Dearn alichapisha maelezo ya ukuta wenye uwazi mwaka 1821. Shida ilikuwa kwamba kuta hizo mbili, kila moja peke yake, zilikuwa dhaifu mno. Mwanzoni walizishikanisha kwa matofali yaliyolala kukatiza uwazi, lakini tofali lililokatiza liliyavusha maji yale yale waliyokuwa wakiyakimbia. Katikati ya karne hiyo kishikizo cha chuma kikachukua kazi hiyo.

Kishikizo chenyewe ni kitu kidogo kiasi cha kudharaulika. Aina moja ni waya uliokunjwa kama kipepeo. Nyingine ni bapa la chuma lenye ncha zilizopasuliwa mithili ya mkia wa samaki, na katikati limesokotwa. Msokoto huo ndio akili yote ya kifaa: tone la maji linalotambaa kutoka ukuta wa nje likifika pale hudondoka ndani ya uwazi, halivuki. Kanuni iliyozoeleka ni kuviweka kila baada ya sentimita 90 kwa mlalo na 45 kwa wima, kwa kupishana, na kila ncha izame kwenye mota walau sentimita 5. Mwashi anaviweka huku anapandisha ukuta. Mstari unaofuata ukishalazwa, kishikizo kimezikwa na hakuna atakayejua kama kilizama sentimita 5 au 2.

Baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia ukuta wa aina hiyo ulikuwa wa kawaida Uingereza. Ubelgiji, nchi nyingine ya matofali inayopigwa na mvua za Bahari ya Kaskazini, nayo iliupokea kati ya vita viwili vya dunia. Wabelgiji hao ndio waliowaondoa Wajerumani Usumbura, yaani Bujumbura ya leo, mwezi Juni 1916 na kukaa mpaka uhuru wa Burundi, tarehe 1 Julai 1962. Walileta ramani zao na sheria zao za ujenzi. Hata hivyo, ukuta wa kuta mbili haukuwa njia ya kawaida ya kujenga Bujumbura, na mpaka leo si njia hiyo.

Kwa nini? Nadhani sababu ya kwanza ilikuwa paa. Nyumba ya mtawala Usumbura ilijikinga kwa paa lililotoka nje sana na baraza pana, kwa hiyo mvua nyingi haikuufikia ukuta. Na mvua ya Bujumbura hunyesha kwa hasira kisha jua likatoka, ukuta ukapata nafasi ya kukauka. Sababu ya pili ilikuwa safari ya chuma. Reli ya kati kutoka Dar es Salaam ilifika Kigoma mwaka 1914 baada ya zaidi ya kilomita 1,200. Kuanzia 1921 Wabelgiji walikuwa na maeneo yao maalumu bandarini Dar es Salaam na Kigoma kwa ajili ya mizigo ya Kongo na Ruanda-Urundi. Chuma kilichokuja kwa njia hiyo kilishushwa melini, kikapakiwa kwenye mabehewa, kikashushwa tena, kikapanda meli ya ziwa mpaka Usumbura. Aliyelipia safari hiyo yote hakuwa tayari kukizika kwenye ukuta ambao ungeweza kusimama bila chuma.

Tofali, kwa upande wake, lilipatikana hapo hapo. Mapadre Weupe, waliofungua misheni ya Muyaga mwaka 1898 na ya Mugera mwaka 1899, walikuwa miongoni mwa walioeneza ujenzi wa matofali ya kuchoma Burundi: udongo wa mabonde, tanuri la kuni, na mikono mingi. Ukuta ukitaka nguvu, uliongezewa unene. Hata ujenzi wa mfululizo wa miaka ya 1950, pale shirika la serikali la makazi ya Waafrika, OCAF, lilipojenga mtaa ambao leo unaitwa Ngagara (wazee bado wanasema Ocaf), ulifanywa chini ya sharti la gharama ndogo. Vishikizo vya Ubelgiji vilibaki Ubelgiji.

Chuma kilichokuja kuingia kwenye kuta za Bujumbura kilipita njia nyingine kabisa. Mfaransa François Hennebique, aliyefanya kazi Ubelgiji, alisajili mwaka 1892 mfumo wake wa zege lenye nondo: nguzo, boriti na sakafu zilizofungwa kuwa kitu kimoja. Kisha, asubuhi ya tarehe 28 Desemba 1908, tetemeko liliubomoa mji wa Messina, Italia, na kuua makumi ya maelfu ya watu. Katika kuujenga upya, Waitalia walitilia mkazo kuta za matofali zilizozungushiwa fremu nyembamba ya zege na chuma. Wachile waliichukua njia hiyo baada ya tetemeko la Talca la mwaka 1928, na tetemeko kubwa la Chillán la Januari 1939 likawa mtihani wake: nyumba za namna hiyo zilisimama vizuri kuliko zile za tofali tupu zilizokuwa jirani.

Yanayoihusu Kibenga yako katika utaratibu wa kazi, kwa hiyo inafaa kukaa hapo kidogo. Katika njia hiyo ukuta hutangulia. Mwashi anapanda na matofali, na pale itakapokuja nguzo anaacha ncha zake ziingie na kutoka kama meno. Kati ya meno ya ukuta huu na ya ukuta wa pili zimesimama nondo nne zilizofungwa kwa ringi. Mbao za kumwagia zinapigiliwa pande mbili tu, maana pande mbili nyingine ni matofali yenyewe. Zege likimwagwa linaingia kwenye kila pengo la jino. Juu kabisa unapita mkanda wa zege kuzunguka nyumba nzima, na nondo za nguzo zinapinda kuingia ndani yake. Baada ya hapo hakuna pa kusema nguzo imeishia hapa na ukuta umeanzia pale.

Nyumba ya ghorofa mara nyingi hujengwa kinyume. Nguzo na sakafu hutangulia, mifupa ya zege inapanda mpaka juu, kisha matofali yanakuja kujaza nafasi. Ubavu wa nguzo umetoka laini kwenye mbao, na tofali linaegemezwa hapo kwa mota tu. Mtu akipita chini anaona nyumba zote mbili ni sawa, kumbe ni tofauti kabisa. Katika hii ya pili, ukuta unaweza kuchomoka kwenye fremu yake na kuanguka mzima barabarani huku nguzo zimesimama. Ndiyo maana fundi anayejua kazi yake huacha vipande vifupi vya nondo nyembamba vimechomoza kwenye nguzo, ili vilazwe kwenye mota kila baada ya mistari michache. Kenya na Uganda wengi hutumia utepe mwembamba wa chuma kwa kazi kama hiyo. Umbo lake si lile la kipepeo wala mkia wa samaki, lakini kazi ni ile ile ya kishikizo cha Uingereza. Bei ya kishikizo kama hicho ni ndogo, kinazikwa kwenye mota, na kikisahaulika ukuta hauonyeshi dalili yoyote.

Dalili huja baadaye. Uingereza ilichukua miongo kadhaa kugundua kwamba vishikizo vyake vilikuwa vinaliwa. Vilipakwa zinki dhidi ya kutu, lakini mwaka 1968 kiwango rasmi kiliruhusu zinki nyembamba zaidi, na ilibidi iongezwe tena mwaka 1981. Mahali ambapo mota ilichanganywa na majivu ya makaa ya mawe, salfa iliyomo iliharakisha kifo cha vishikizo. Vile vya mkia wa samaki, kwa kuwa ni vinene, vilitoa kutu nyingi, ikauinua ukuta wa nje na kuuchora nyufa za mlalo kila baada ya mistari sita ya matofali, yaani pale pale vilipozikwa. Vile vya waya vilikuwa hatari zaidi kwa unyenyekevu wao: vilikatika bila kuacha hata mstari.

Tarehe 28 Desemba 1989 tetemeko la kipimo cha 5.6 liliupiga mji wa Newcastle, Australia, mji wa pwani wenye hewa ya chumvi. Watu 13 walikufa. Wahandisi walipokagua kuta za tofali zilizoanguka walikuta vishikizo vilivyoliwa na kutu, na mahali pengine havikuwepo kabisa.

Kipimo cha 5.6 si kigeni kwetu. Bujumbura imekaa ndani ya Bonde la Ufa, ikitazamana na Uvira ng'ambo ya ziwa, na mwezi Septemba 1960 upande huo ulitikiswa na tetemeko kubwa kuliko hilo. Tarehe 3 Februari 2008, siku ya Jumapili, tetemeko la 5.9 lilipiga Bukavu na wilaya za Rusizi na Nyamasheke nchini Rwanda, na makanisa yaliwaangukia waumini. Tarehe 10 Septemba 2016 ilikuwa zamu ya Kagera, Tanzania: 5.9 tena, watu wasiopungua 16 wakafa, maelfu ya nyumba zikabomoka, na shule za sekondari za Ihungo na Nyakato zikaharibika vibaya. Nyumba nyingi zilizoanguka hazikuwa na chuma cha kuzungumzia.

Walio na chuma nao wasijione wamefika. Mwezi Januari 2016, wakati wa dhoruba, tani 9 hivi za matofali zilianguka kutoka ukuta wa shule ya msingi ya Oxgangs, Edinburgh. Ilikuwa mapema asubuhi, kabla watoto hawajafika. Shule 17 za mji huo zilifungwa ili zikaguliwe, na ripoti ya uchunguzi ulioongozwa na John Cole, ya Februari 2017, ikaeleza kwamba vishikizo vilikuwepo, ila havikuzamishwa vya kutosha kwenye mota, na aliyepaswa kuangalia hakuangalia. Shule hizo zilikuwa changa kuliko nyumba nyingi za Kinindo.

Kibenga ina adui wake mwingine, na huyu haji kwa kishindo. Ziwa Tanganyika lina mlango mmoja tu wa kutolea maji, mto Lukuga upande wa Kongo, na mvua zikizidi maji hupanda na kukawia kushuka. Yalipanda sana mwaka 1964, yakarudi 2021, yakarudi tena 2024 na kuingia majumbani kando ya ziwa. Nyumba iliyosimama majini kwa miezi hunywa kuanzia chini, na miguu ya nguzo ndiyo inayotangulia. Zege lililochanganywa kwa maji mengi, au lile ambalo nondo zake zimesogea mpaka karibu na mbao, haliwezi kuzuia unyevu na hewa. Hapa nyufa hazilali kama zile za Uingereza. Zinasimama, zikifuata kona ya nguzo, kwa sababu nondo iliyovimba ndani imesimama vile vile. Wengi huziba kwa lipu mpya na rangi. Fundi mwangalifu hugonga kwanza kwa nyundo kuanzia chini kwenda juu, na panapotoa sauti ya uwazi anabomoa mpaka aifikie nondo, aisugue, aone imebaki nene kiasi gani, ndipo aseme bei.