Uchunguzi wa uchafuzi chini ya kituo cha mafuta

Uchunguzi wa uchafuzi chini ya kituo cha mafuta ni kazi ya kutafuta kama petroli au dizeli imevuja kutoka kwenye matangi yaliyofukiwa, imefika wapi, na kama inahatarisha maji ya ardhini. Hutumia elimu ya jiolojia, kemia na uhandisi wa maji.

Chanzo na madhara

Matangi ya zamani ya chuma hushikwa na kutu, mabomba hulegea kwenye viungo, na mafuta humwagika lori linaposhusha shehena. Tundu dogo linaweza kuvujisha kwa miaka bila dalili yoyote juu ya sakafu. Petroli ni nyepesi kuliko maji, hivyo ikiyafikia maji ya ardhini huelea juu yake. Sehemu yake, hasa benzini, huyeyuka na kusafiri pamoja na maji. Benzini husababisha saratani ya damu. Shirika la Afya Duniani linapendekeza isizidi mikrogramu 10 katika lita moja ya maji ya kunywa. Kiasi hicho hakionekani wala hakinuki, kwa hiyo maji ya kisima yanaweza kuwa maangavu na bado yakawa na madhara.

Hatua za uchunguzi

1. Kumbukumbu: mafuta yaliyopokewa hulinganishwa na yaliyouzwa na yaliyobaki. Upungufu unaojirudia ni dalili ya kuvuja.
2. Udongo: mashimo huchimbwa karibu na matangi, mabomba na pampu, na sampuli huchukuliwa katika vina mbalimbali.
3. Visima vya uchunguzi: huhitajika angalau vitatu, visivyo kwenye mstari mmoja. Tofauti ya kimo cha maji ndani yake huonyesha maji yanaelekea upande gani.
4. Maabara: sampuli hupimwa kwa kromatografia ya gesi.

Mazingira ya Msamvu

Msamvu, katika Manispaa ya Morogoro, ni njia panda ya barabara za Dar es Salaam, Dodoma na Iringa. Tarehe 10 Agosti 2019 lori la petroli lilipinduka na kulipuka huko, na watu zaidi ya 100 walikufa. Ajali ya namna hiyo huonekana mara moja; uvujaji wa chini ya ardhi hauonekani. Kwa kuwa ardhi ya mji huteremka kutoka Milima ya Uluguru kuelekea bonde la Mto Ngerengere, uchunguzi katika eneo hili hauna budi kuangalia visima vilivyo upande wa chini wa kituo.

Mfano wa Thange

Mwaka 2015 bomba la mafuta la Mombasa–Nairobi lilivuja huko Thange, Kaunti ya Makueni, Kenya. Mafuta yaliingia katika udongo, mto na visima vilivyotegemewa na wakazi.

Sheria na usafishaji

Nchini Tanzania, Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inafuata kanuni kwamba mchafuzi hulipa. Husimamiwa na taasisi ya taifa ya mazingira, wakati EWURA hutoa leseni za vituo. Usafishaji hufanywa kwa kuondoa udongo uliochafuka, kufyonza mvuke, kusukuma maji nje na kuyasafisha, au kuwaongezea hewa bakteria wanaokula mafuta.