Taharuki Si Msisimko

Katika matangazo ya filamu kwenye runinga zetu, neno moja limebebeshwa kila kitu: "filamu ya kusisimua". Ngumi zinasisimua, mizimu inasisimua, magari yakifukuzana yanasisimua. Hata ile filamu ambamo mtu anafukua siri ya wakubwa, na kadiri anavyofukua ndivyo anavyokikaribia kifo chake, nayo tunaipa jina hilohilo. Hiyo jina lake ni filamu ya taharuki. Na siri ikiwa ya serikali na wenye mamlaka, ni filamu ya taharuki ya kisiasa.

Msisimko ni wa mwili. Mwili husisimka kwa baridi, kwa woga, hata kwa ngoma ikikolea. Vinyweleo husimama, kisha hulala. Taharuki hukaa moyoni na haitulii mpaka jambo lijulikane. Wanafunzi wa fasihi wanalijua neno hili kama ile hamu ya msomaji ya kutaka kujua kitakachofuata. Darasani tunaishia hapo, na ni hasara, kwa sababu asili yake ni tamu. Limetoka katika mzizi wa Kiarabu wenye maana ya kwenda na kutikisika, mzizi uleule uliotupa haraka na harakati. Aliyetaharuki hakai akatulia.

Sijaona filamu inayolifafanua neno hili kuliko The Constant Gardener ya mwaka 2005, aliyoiongoza Fernando Meirelles wa Brazil kutokana na riwaya ya John le Carré ya mwaka 2001. Sehemu kubwa inatokea Kenya, na kamera iliingia Kibera na Loiyangalani penyewe. Justin, mwanadiplomasia Mwingereza aliye Nairobi, ni mtu mpole wa kulea maua. Mkewe Tessa ni mwanaharakati. Tessa amegundua kwamba wagonjwa maskini wanajaribiwa dawa mpya ya kifua kikuu, na kwamba vifo vinavyotokana nayo vinafichwa ili dawa ifike sokoni.

Anauawa karibu na Ziwa Turkana, nasi tunalijua hilo tangu dakika za mwanzo. Kwa hiyo taharuki haimo katika kuuliza kama atapona. Imo ndani ya mumewe. Itazame vizuri ile sehemu anapoletewa habari akiwa kati ya mimea yake: hapigi kelele, haanguki, bali anamshukuru mwenzake kwa kujitwisha kazi ngumu ya kuja kumwambia. Msisimko haupo hapo hata chembe. Lakini mtazamaji anajua kwamba msiba ule umeingia na haujapata pa kutokea. Sisi tungemkalisha matangani, watu wakamzunguka, akalia. Justin hana matanga. Majonzi yake yanageuka maswali, na maswali yanamtoa Nairobi hadi London na Berlin, kisha yanamrudisha Afrika, mpaka ziwani pale alipofia mkewe. Mwanamume asiyekuwa na haraka na chochote anazirithi harakati za Tessa. Maneno yale matatu ya mzizi mmoja yamekutana ndani ya mtu mmoja.

Neno jingine la kuangalia tunapoieleza filamu hii ni rushwa, ambalo halitoshi. Rushwa ni kitu kinachotoka mkono huu kwenda mkono ule. Kampuni kuzika matokeo ya majaribio huku maofisa wa ubalozi wakijifanya hawaoni ni ufisadi, yaani uozo wa jambo zima.

Nawaomba wafasiri na waandaaji wa vipindi vya televisheni: "kusisimua" liacheni kwa ngumi na magari. Filamu kama hii iandikeni filamu ya taharuki ya kisiasa. Neno tunalo, na watoto wetu wanalisoma shuleni.