Habari za Kikombe cha Hedhi

Somo la leo ni la historia, lakini si historia ya wafalme wala ya vita. Ni historia ya chombo kidogo kinachoenea katika kiganja cha mkono, nacho ni kikombe cha hedhi. Wanaume, msitoke nje. Mna wake na mabinti, na mara nyingi ninyi ndio mnaoshika fedha za sabuni.

Kwanza tukifahamu chombo chenyewe. Kikombe hiki ni laini, mfano wa kengele ndogo iliyopinduliwa, na chini kina kijiti kifupi. Mwanamke aliye mwezini hukikunja akakitia ukeni, nacho hufunguka humo ndani na kukinga damu. Hakinyonyi damu kama kitambaa au pamba, huikusanya tu. Baada ya saa kadhaa hukitoa, akamwaga, akakiosha, akakirudisha. Kikitunzwa vizuri, kimoja huweza kutumika hata miaka 10.

Wengi hudhani kuwa hili ni jambo jipya. La, sivyo. Mwaka 1937 bibi mmoja wa Marekani, Leona Chalmers, mwigizaji wa michezo, alipewa hati ya serikali ya kulinda uvumbuzi wake wa kikombe cha mpira. Siku zile wanawake wa kwao walivaa vitambaa vinene vilivyoshikizwa kwa mikanda na pini. Chalmers alitaka mwanamke aweze kuvaa nguo nyepesi bila mambo hayo kuonekana. Nadhani mtu aliyezoea kusimama mbele ya macho ya watu ndiye aliyefaa kulifikiri jambo hilo.

Lakini alikuwa na mshindani. Mwaka 1933, miaka minne kabla yake, daktari Earle Haas alikuwa amepata hati ya tamponi, yaani kipande cha pamba kilichobanwa, kinachosukumwa ndani kwa mirija miwili ya karatasi ngumu. Tazameni tofauti. Mwenye kutumia mirija ile hana haja ya kujigusa, na akimaliza hutupa. Tena mwezi ujao atarudi dukani kununua nyingine. Mwenye kikombe hujigusa, na dukani harudi. Basi niambieni, mfanyabiashara angependa kuuza kipi?

Kisha vikaja Vita Vikuu vya Pili. Mwaka 1942 Wajapani waliteka Malaya, na mpira ukaadimika duniani. Hata mashamba ya zamani ya mpira huku Tanganyika yakagemwa tena. Mpira ulitakiwa kwa magurudumu ya magari ya vita, na kikombe cha Chalmers kikasimama. Mwishoni mwa miaka ya 1950 kilirudi madukani Marekani kwa jina la Tassette, lakini biashara haikusitawi. Mwaka 1987 kikaja kingine cha mpira huko huko Marekani, jina lake The Keeper. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 huko Uingereza vikaanza kutengenezwa vikombe vya silikoni, ambayo ni laini, huvumilia kuchemshwa, na haiwadhuru wale ambao ngozi zao haziupatani na mpira.

Sasa ulizeni: kama chombo kilifaa, kwa nini kilianguka mara kwa mara? Vita ni sababu moja, na faida ya wauzaji ni ya pili. Lakini kwa maoni yangu sababu kubwa ni aibu. Sodo mtu aweza kuinunua kimya na kuivaa kimya. Kikombe hakijulikani kwa kimya. Hapana budi mtu akufundishe, tena kwa maneno ya wazi. Matangazo mengi ya siku zile hayakuitaja hedhi waziwazi.

Katika pwani yetu jambo hili lilikuwa na mwenyewe. Msichana akivunja ungo, hakufundishwa na mama yake. Alipewa somo, yaani mwanamke mzima aliyemwonyesha namna ya kuvaa sodo, kuifua na kuianika. (Zamani sodo ilikuwa kitambaa, siku hizi hata ile ya dukani huitwa hivyo.) Somo hakuona haya, maana hiyo ndiyo kazi aliyopewa. Kikombe kilikosa somo wake.

Kilimpata wapi? Mahali pamoja ni Siaya, magharibi mwa Kenya. Mwaka 2012 na 2013 watafiti walifanya kazi katika shule 30 za msingi. Wasichana wa shule 10 walipewa vikombe, wa shule 10 sodo za dukani, na waliobaki waliendelea na desturi zao. Wauguzi waliwafundisha. Mwanzoni wengi waliogopa, wengine waliumia wakikitia au wakikitoa, lakini kadiri miezi ilivyopita shida hizo zilipungua. Watafiti hawakutegemea maneno ya mdomo peke yake. Walitazama pia rangi ya vikombe, maana silikoni hubadilika rangi ikitumika. Hata hivyo vikombe havikupunguza idadi ya wasichana walioacha shule. Mambo yanayomtoa msichana shuleni ni mengi kuliko damu.

Mwaka 2019 jarida la Lancet Public Health lilikusanya tafiti 43 zenye wanawake na wasichana 3,319. Lilionyesha kwamba kikombe huzuia damu sawa na sodo au zaidi, na kwamba kukizoea huchukua miezi kadhaa.

Basi, bibi, ukikipata chako, usikate tamaa siku ya kwanza. Kichemshe katika sufuria yake peke yake, kwa muda ulioandikwa kwenye karatasi yake. Nawa mikono kwa sabuni. Chuchumaa, pumua polepole, kikunje, ukielekeze nyuma upande wa kiuno, si juu moja kwa moja. Kikifunguka, hukisikii tena. Hakiwezi kupotelea tumboni, maana njia ya shingo ya kizazi ni nyembamba mno. Wakati wa kukitoa, usivute kijiti kwa nguvu. Kibonyeze chini kwanza ili hewa iingie, ndipo kiachie. Kisikae ndani zaidi ya saa 12. Mwenye kitanzi cha uzazi amwulize muuguzi kwanza, maana kikombe huweza kukivuta.

Akina mama watauliza habari za ubikira. Kweli, kikombe huweza kuutanua au kuuchana utando wa msichana. Lakini mtu hapotezi ubikira wake kwa kikombe, na msichana asiyetaka asilazimishwe.

Mwalimu, sasa zima redio. Waulize wanawake kama wangependa kukaa peke yao kwa mazungumzo, na kama yupo aliyekwisha kutumia kikombe, yeye ndiye aanze kusema.